Ukorofi Hujengwa Pamoja na Nyumba

Ukitaka kusikia watu wakisemwa vibaya, keti na wenye nyumba. Watakusimulia mpangaji aliyehama usiku akaacha deni na mlango usio na kitasa, mwingine anayechemshia maharage kwenye jiko la koili huku umeme ukichangwa na nyumba nzima, na mwingine ambaye kila kodi inapoisha anakuwa amefiwa. Kisha nenda ukae na wapangaji. Huko utasikia habari za baba mwenye nyumba anayezima swichi kubwa saa nne usiku, anayehesabu wageni wa watu, na anayepandisha kodi siku ile ile aliyokuona unashusha friji kwenye bajaji.

Nimekaa pande zote mbili. Nilikuwa mpangaji kwa miaka mingi kabla ndugu zangu hawajanikabidhi funguo za nyumba aliyotuachia marehemu baba huku Temeke, ili niipangishe na kuisimamia kwa niaba ya familia. Niliyoyaona nikiwa chumbani na ninayoyaona sasa nikiwa na daftari mkononi yamenifikisha kwenye neno moja: wapangaji wengi tunaowaita wakorofi hawaji na ukorofi kwenye mabegi yao. Wanaukuta kwetu. Upo kwenye mita ya umeme, upo chooni, upo kwenye kodi ya miezi sita na kwenye mapatano ambayo hakuna aliyeyasema siku ya kwanza. Wakorofi wa kweli wapo, na nitawafikia, lakini idadi yao ni ndogo kuliko malalamiko yetu.

Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili ambayo kila mtu wa Dar es Salaam anaijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na uani kuna jiko, bafu na choo. Baba aliijengea familia yake. Ndugu wa tumbo moja waliweza kugawana choo kimoja bila kuandikiana, na aliyemaliza ndoo ya maji alijua atakaripiwa na nani. Leo katika vyumba hivyo hivyo wamo watu wasiofahamiana hata kwa majina ya ukoo: fundi cherehani, mwalimu, kijana wa bodaboda na mkewe, mama lishe na wanawe, mlinzi anayelala mchana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wanaishi hivyo, familia nzima kwenye chumba kimoja na mgeni nyuma ya ukuta. Tumewarithisha wageni nyumba iliyopangwa kwa ajili ya ndugu, halafu tunashangaa kwamba hawapendani.

Tuanze na umeme, maana ndio unaogombanisha watu kuliko kitu kingine chochote. Nilipoikuta nyumba ilikuwa na mita moja ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Kila mtu alitakiwa kutoa kiasi kile kile, mwenye friji na mwenye taa moja. Fundi cherehani alilalamikiwa kwa pasi yake, mama lishe akalalamikiwa kwa birika lake, na mlinzi alikataa kuchanga kwa sababu usiku, wakati taa zinawaka, yeye yuko kazini. Umeme ulikuwa ukikatika saa tatu usiku na watu wanabaki gizani wakitegeana, kila mmoja akingoja mwenzake anunue. Waliponipigia simu, kila mmoja alikuwa na jina la mkorofi wake, na majina hayakufanana.

Nilipokaa na hesabu nikaona kwamba chanzo si tabia ya yeyote kati yao. Kwa bei za shirika la umeme, TANESCO, tulizozizoea, mtumiaji mdogo wa nyumbani anayebaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akivuka hapo, bei ya uniti hupanda sana. Mtu wa chumba kimoja mwenye taa, televisheni na feni anaweza kabisa kuishi ndani ya kiwango cha chini. Wakusanye sita kwenye mita moja, wanavuka kiwango kabla mwezi haujafika nusu, na kila mmoja analipa bei ya mtu tajiri kwa matumizi ya mtu maskini. Watu waliona fedha zao zikiyeyuka na hawakujua zinakwenda wapi, kwa hiyo wakatazamana wao kwa wao. Tulianza kwa kufunga mita ndogo kwa kila chumba ili kila mtu ayajue matumizi yake, na fedha ziliporuhusu tukaomba mita za TANESCO. Wapangaji walibaki wale wale. Ugomvi wa umeme ukaisha.

Mita hizo zilikuja na fundisho jingine. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida wakati huo, na baadaye 1,500. Anayenunua tokeni ni mpangaji, lakini mwenye jengo ni mimi. Fedha ni ndogo, na wenye nyumba wengi walinyamaza, wakaona ni bahati yao. Niliwaeleza wapangaji wangu kwamba nyumba moja inatakiwa kukatwa kwenye mita moja tu, na yule ambaye mita yake inakatwa ninampunguzia kiasi hicho kwenye kodi ya chumba. Mwalimu alicheka, akaniuliza kama kweli nitasumbuka na shilingi 1,500. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu kesho nitamdai yeye 1,500 ya kwangu na sitaki aniulize ile yake iko wapi. Anayetaka kudai lazima awe msafi kwenye vidogo.

Choo nacho kina habari yake. Zamu za usafi hubandikwa ukutani zikachanika, zikabandikwa tena. Mwenye watoto wanne anasafisha mara moja kwa wiki sawa na kijana anayeishi peke yake na kushinda kazini. Shimo likijaa, kila mtu anasema yeye hatumii sana. Mpaka lije gari la kunyonya, watu wazima wamekwisha kutukanana mbele ya watoto. Niliona njia rahisi ni kuiondoa kazi hiyo mikononi mwa wapangaji: kodi ikapanda kidogo, nikamlipa kijana wa mtaani anayefagia uwanja na kuosha choo, na gari la kunyonya likawa juu ya familia yetu. Kaka yangu alisema ninawadekeza. Lakini choo ni sehemu ya nyumba kama bati lilivyo sehemu ya nyumba, na hakuna anayemwambia mpangaji apande juu azibe bati kwa zamu.

Sasa tuje kwenye kodi. Desturi ya Dar es Salaam ni kulipa miezi sita kwa mkupuo, na wengine hudai mwaka mzima. Chukua chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Anayekitafuta anatakiwa awe na 360,000 ya kodi na 60,000 ya dalali, jumla 420,000, kabla hajanunua hata godoro. Kijana wa bodaboda anaingiza riziki kwa siku. Kuweka shilingi 2,000 kila siku anaweza, na mwisho wa mwezi ana 60,000 yake kamili. Asichoweza ni kukaa na 360,000 ndani bila mtoto kuugua, bila msiba kijijini, bila pikipiki kuharibika injini. Mwezi wa saba unapofika anaanza kukukwepa, anapita uani badala ya mlango wa mbele, na wewe unamwandika kwenye orodha ya wakorofi. Ni mtu yule yule uliyemsifu miezi sita iliyopita.

Nairobi watu hulipa mwezi kwa mwezi, ndani ya siku za mwanzo za mwezi, na mara nyingi kupitia simu. Wenye nyumba wa huko hawajafilisika kwa utaratibu huo. Ndugu zangu hawakuupenda, kwa sababu fedha ya mkupuo huonekana: inaezeka, inasomesha, inalipa mahari. Tulibishana, na tukakubaliana kila mpangaji achague kufuatana na mapato yake. Mwalimu analipa miezi mitatu mitatu. Kijana wa bodaboda analipa kwa mwezi, na miezi mingine anatuma nusu tarehe 15 na nusu tarehe 30. Kazi yangu ya kuandika imeongezeka. Kazi ya kugombana imepungua, na kati ya hizo mbili najua ipi inachosha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ningeongeza kwamba hata ujirani hupotea hivyo hivyo. Maneno ya siku ya kwanza ni matamu kwa sababu kila upande una haraka: mpangaji anataka funguo, mwenye nyumba anataka fedha, dalali anataka chake aende. Hakuna anayeuliza mgeni anaweza kulala siku ngapi, nani atalipia bomba likipasuka, muziki unazimwa saa ngapi, kuku wanaruhusiwa uani au la. Yote hayo yanakuja kuulizwa baadaye, watu wakiwa wamekwisha kukasirika, na wakati huo kila jibu linaonekana ni uonevu.

Kwa hiyo mkataba wangu una kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kawaida, na ninausoma kwa sauti pamoja na mpangaji kabla hajatoa hata senti. Tunapita chumbani, tunapiga picha za kuta, dirisha, soketi na mlango kwa simu zetu wote wawili. Tunaandika nani anatengeneza nini: vya ukuta, paa, nyaya na bomba ni vya familia, balbu, kitasa kilichovunjwa na kioo kilichopigwa mpira ni vya mpangaji. Tunaandika muda wa notisi kwa pande zote mbili. Tunaandika kwamba kodi haipandi katikati ya mkataba. Mpangaji anabaki na nakala yake. Kuna waliogeuka wakaondoka baada ya kusomewa, na nikaona tumeokoana.

Pamoja na yote hayo, siku itafika mtu hatalipa. Hapo ndipo watu hukosa subira, au huwa na subira isiyo na mwisho, na njia zote mbili huzaa ugomvi. Nimejifunza kwamba sura ya mdaiwa haisemi ukweli. Mwenye shida ya kweli mara nyingi ana haya. Hukukwepa, hazungumzi, hapokei simu, na ukimtazama kwa nje utamdhania jeuri. Tapeli ndiye anayekufuata mwenyewe, anakusalimia shikamoo mara mbili, anakuuliza hali ya mama, anakupa tarehe bila kuulizwa. Ukimhukumu mtu kwa ulimi utamfukuza mwenye shida na kumlea tapeli.

Kipimo ninachotumia ni kidogo. Simdai deni lote. Namwambia alete sehemu, hata shilingi 10,000, siku fulani ambayo ataitaja yeye, na tunaandikiana. Mwenye shida huja na hiyo 10,000, hata kama ameikopa, na mara nyingi hapo ndipo hueleza kilichompata. Mwingine huja na hadithi mpya mahali pa fedha. Hadithi ya pili ikifika bila fedha, naandika notisi siku hiyo hiyo. Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga, na kodi iliyolimbikizwa haina tofauti. Mtu anayedaiwa mwezi mmoja bado ni jirani. Akifika mitano, hata akiwa mwema, hawezi tena kulipa na kula, na njia pekee anayoiona ni kuhama usiku. Anayemwachia deni likue kwa jina la huruma anamsukuma kwenye lori la usiku kwa mikono yake.

Yupo mpangaji mmoja aliyenionyesha ukorofi ni nini hasa. Alikuwa na kipato, tulikijua. Alilipa mara ya kwanza kwa heshima zote, kisha akaacha. Nilipomfuata alisema amefanya matengenezo chumbani yanayozidi deni lake, matengenezo ambayo hakuna aliyeyaona. Nilipompa notisi aliikunja akaitia mfukoni, akaniambia yeye anazijua sheria na hatoki. Majirani walinishauri kama watu wanavyoshauri mtaani: ng'oa mlango, ezua bati la juu ya chumba chake, mvua itamhamisha. Wengine walinitajia vijana wa kazi hiyo na bei yao.

Sikuwasikiliza. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inahesabu kwamba ndani ya kila upangaji imo ahadi ya mwenye nyumba kumwacha mpangaji akae kwa utulivu bila kuingiliwa, hata kama haikuandikwa, na imo ahadi ya mpangaji kulipa kodi na kuitunza nyumba. Asipotimiza yake, dawa yake iko kwenye vyombo vya sheria. Ukimwezulia bati, kesi inageuka: mdai unakuwa mshitakiwa, na yeye anakuwa mtu aliyeloweshewa watoto. Zaidi ya hapo, wapangaji wengine wote wanakutazama. Wakiona umeng'oa mlango wa mkorofi, kila mmoja anaanza kuutazama mlango wake.

Basi tulikwenda taratibu. Tulianzia serikali ya mtaa, tukaitwa wote wawili, hakufika. Tukaenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi na nyumba. Linasuluhisha, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa Kata haihukumu basi kwenda huko ni kupoteza muda. Kwangu pale ndipo mambo yalipogeuka. Wazee wa baraza waliniomba mkataba, nikautoa. Waliomba stakabadhi, nikatoa daftari. Waliomba picha za chumba alipoingia, zikafunguliwa kwenye simu. Yeye aliombwa hata risiti moja ya saruji ya matengenezo yake, hakuwa nayo. Hakuna aliyepandisha sauti. Tuliandikiana kwamba aondoke mwisho wa mwezi na alipe sehemu ya deni, sehemu nyingine tukaisamehe. Aliondoka mchana, kwa kirikuu, watu wakimsaidia kupakia kitanda.

Hatukupata fedha zote. Tulipata chumba, tukapata amani, na wapangaji waliobaki walijua sasa kwamba katika nyumba hii kuna utaratibu unaomfikia kila mtu, na kwamba utaratibu huo hauji usiku. Hilo lilikuwa na thamani kuliko deni.

Nikisikia wenye nyumba wakilalamika kwamba sheria inawapendelea wapangaji, huwa nakumbuka historia ya kazi hii hapa kwetu. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kula jasho la mwenzako kwa sababu tu una kuta nne kulihesabiwa ni unyonyaji. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ofisi iliyokuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti pango ilimwekea mwenye nyumba binafsi mipaka. Kisha upepo ukageuka. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilimruhusu kiongozi kupangisha nyumba, na mwaka 2005 ile sheria ya kudhibiti pango ikafutwa. Leo kodi ni makubaliano ya watu wawili, na katika mji unaokua kama huu, mmoja wa hao wawili ana nguvu zaidi. Wazee wetu hawakutuogopa bila sababu. Tumerudishiwa imani bila masharti mengi, na namna ya kuilinda ni kuishi kana kwamba masharti bado yapo.

Kwa hiyo yapo mambo ambayo siyafanyi ingawa hakuna wa kunizuia. Siingii chumba cha mtu bila kupiga hodi na kujibiwa, hata kama nyumba ni ya baba yangu. Simdai mtu mbele ya mkewe au wanawe. Sikatai kumpangisha mwanamke kwa sababu hana mume, wala simuulizi aliyeingia na kutoka kwake, mradi majirani wanalala. Na sipandishi kodi kwa sababu nimeona friji. Hili la mwisho lina hesabu yake pia: kupandisha chumba kutoka 60,000 hadi 70,000 kunaleta 120,000 kwa mwaka. Mpangaji mwema akiondoka kwa hasira na chumba kikakaa miezi miwili bila mtu, hiyo 120,000 imekwisha, na hujui anayekuja ni nani.

Nimewataja wapangaji, lakini niseme kweli: mpangaji mgumu kuliko wote ni ndugu. Anahamia kwa wiki mbili akitafuta kazi. Halipi, kwa sababu nyumba ni ya babu yake naye. Hachangi umeme, na ukimgusa, simu inapigwa kutoka kijijini kuuliza kama kweli umeanza kuwauzia watu wa ukoo makaburi ya wazazi wao. Wapangaji wanaolipa wanaona yote hayo, na yule wa kwanza kuchelewesha kodi atakuuliza mbona fulani halipi. Hapo huna jibu.

Njia tuliyoipata katika familia yetu ni kuiandika hisani. Ndugu anayehitaji chumba anapewa, kwa muda unaotajwa, na kodi yake inaandikwa kwenye daftari kama ya mtu mwingine yeyote. Kisha wale waliosema asaidiwe wanaigawana, inakatwa kwenye mafungu yao mwisho wa robo mwaka. Tangu tuanze hivyo, simu za kumwombea mtu chumba zimepungua sana, na wale wanaosaidiwa kweli wanasaidiwa na watu wanaojua wanachokitoa. Siku moja shangazi, aliyekuwa mkali kuliko wote, alinipigia kuuliza kijana wake amebakiza miezi mingapi. Alipojua yeye ndiye anayelipa, alimtafutia kazi haraka kuliko tulivyotegemea.

Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake. Methali hii watu huitumia kwa mambo ya ndoa, lakini mwenye nyumba anapaswa kuichukua kama ilivyo. Wengi wetu wenye nyumba hatulali katika nyumba tunazopangisha. Hatujui bati linavuja upande gani mpaka tuambiwe, na anayetuambia tunamwita mlalamishi. Mpangaji anayepiga simu kila wiki kusema bomba linavuja ndiye mlinzi wa mali yako asiyelipwa mshahara. Yule anayenyamaza mpaka ukuta unapata ukungu ndiye wa kumwogopa.

Mwenye nyumba mwenzangu, kabla hujamwambia dalali akutafutie watu wema, hakikisha nyumba yenyewe inawaruhusu kuwa wema. Tenganisha umeme. Beba choo na paa kama mzigo wako. Pokea kodi kwa namna mtu anavyoipata riziki yake. Soma mkataba kwa sauti, toa stakabadhi kwa kila shilingi, dai mapema na kwa sauti ya chini. Ukifanya yote hayo na bado mtu akasumbua, huyo ni mkorofi wa kweli, na Baraza lipo. Nawe mpangaji, ukikwama sema siku ya kwanza, na uchukue nakala yako ya mkataba. Kelele nyingi za nyumba za kupanga zingekwisha hapo, bila kumfukuza mtu.